Nuksi Waliyompa Khairat

Simu ililia wakati mbaya kuliko nyakati zote.

Haitham alikuwa na ree mbili, karata kubwa kuliko zote, na kwenye kioo cha kompyuta pesa zote za mezani zilikuwa zimeshasogezwa katikati. Aliyekuwa akipambana naye, mtu asiyemjua wa nchi asiyoijua, alikuwa na saba mbili tu. Ilibaki karata moja kufunuliwa. Ndipo jina la mkewe likawaka kwenye simu, na papo hapo karata ikafunuka. Saba ya uru, ya tatu kwa yule mwenzake.

Akaliwa.

Akaigeukia simu kwa hasira, kaupa mgongo umati wa kafe ya intaneti asisikike.

— Nshakwambia mara ngapi usinpigie saa hizi?

— Samahani. Nimepika pweza wa nazi, nlitaka kujua warudi saa ngapi asije akapoa.

— Umenitia nuksi, Khairat.

— Nimekutia nuksi kwenye nini? Si uko tuisheni?

Haitham akageuka nyuma kutazama kama kuna aliyemsikia. Akakata simu.

Sasa hebu nikwambieni huyu Haitham ni nani, maana mngemkuta njiani mngemsalimia kwa heshima, mkono kifuani. Mwalimu wa hesabu wa skuli ya sekondari hapo mjini, mtoto wa Mkunazini, shati limenyooka, sala tano hazimpiti. Mwaka ule, 2006, alikuwa na miezi tu tangu aoe. Mkewe Khairat alikuwa binti wa Mzee Pandu wa kijiji cha Uroa, mtu wa mwani na mitego, na Haitham alimpenda tangu alipopelekwa kufundisha huko mwanzo wa kazi yake. Alimpenda kwelikweli, hilo tusimnyime. Alibishana na mama yake mwaka mzima mpaka akakubaliwa kuoa mtu wa shamba.

Ila alikuwa na lake. Binamu yake Azzan, aliyeko Denmark, alimfungulia mlango wa poka kwenye mtandao. Kila mtu hupewa karata zake mbili, za kati hutoka tano, mwenye kukusanya nzuri zaidi anachukua. Akaunti na benki ni kwa jina la Azzan, Haitham anacheza, wakipata wanagawana, na fungu la Haitham huletwa na wanaokuja likizo. Kila baada ya sala ya alasiri alimwambia mkewe anakwenda kufundisha tuisheni, kisha anajifungia kwenye kona ya kafe kule Shangani. Alijua ni kamari. Alijua ni haramu. Lakini alijidanganya kwamba kwake yeye ile ni hesabu, na hesabu ndiyo kazi yake.

Kabla ya kuoa aliona mambo yanakwenda. Baada ya kuoa yakageuka. Na sisi watu wa Unguja tunavyojua kusema: bibi harusi ana mguu wake, mwema au mbaya, na anaingia nao ndani. Jambo hilo Haitham angemcheka mtu akimwambia darasani. Lakini mtu akiliwa na ree mbili, tena na tena, akili hutafuta pa kupumzikia. Ya kwake ikapumzikia kwa Khairat. Mkewe alipopiga simu, yeye akaliwa. Mkewe alipoamka na maumivu ya kichwa, akaliwa. Alipomwambia "Mungu akufungulie" pale mlangoni, akaliwa.

Siku ile alirudi kanuna. Pweza akamla bila hata kumsifu mpishi. Khairat alipokwenda kuosha vyombo, mama mtu, Bi Mwatima, akamuuliza mwanawe kinachomsumbua. Na hapo Haitham akafungua mdomo ambao angeujutia maisha yake.

— Tangu nioe, mama, sioni jema.

Hakusema jema la nini. Bi Mwatima naye hakuuliza. Akadhani ni cheo skuli, au fitina za kazini. Kesho yake akajitanda buibui lake, akaenda Ng'ambo kwa mwalim mmoja anayetazama nyota. Mwalim akachukua jina la Haitham na la mama yake, jina la Khairat na la mama yake, akayageuza tarakimu, akajumlisha, akatoa, akasema huyu moto, huyu maji, hapa hakuna kheri. Na Haitham, mwalimu wa hesabu mzima, aliletewa hesabu ile nyumbani akaipokea bila kuuliza imepatikanaje.

Bi Mwatima alimwita mkwewe ukumbini akasema naye kwa upole, na ule upole ndio uliochoma zaidi. Akamwambia hana ubaya wala hakukosa kitu, ila nyota hazikupatana, na kijana hajaona jema tangu aoe, basi aende kwao apumzike mpaka lijulikane la kufanya. Khairat alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mumewe aliyekuwa amekaa pale pale.

— Na wewe wasemaje, Haitham?

— Mama ashasema.

— Mama kasema ya mama. Nakuuliza wewe. Kazi unayo, afya unayo, nyumba haikuungua. Jema gani hulioni?

— Mambo yangu hayendi tu.

— Mambo gani?

Haitham akaangalia viatu vyake. Angeweza kusema. Neno moja tu, na mambo yote yangeishia pale. Lakini mama yake yupo, tasbihi mkononi, na yeye ndiye mwanawe wa kujivunia. Akaendelea kuangalia viatu.

— Haya, akasema Khairat. Mtu anayemfukuza mwenziwe angalau amwambie kosa lake.

Haitham alimbebea begi mpaka kwenye gari za Uroa, akampa nauli, asimtazame usoni. Jioni ukaingia ujumbe: "Nshafika. Baba kaniuliza kama nimeachwa. Nimwambie nini?"

Haitham aliusoma, akaurudia, akauacha bila jibu. Mtu mzima na elimu yake.

Siku iliyofuata alikwenda kafe akiwa na tamaa ya ajabu. Mwenye nuksi kaondoka, simu imelala kimya juu ya meza. Akapata ree mbili. Akasogeza pesa zote katikati. Akaliwa. Akarudi kesho yake, akaliwa tena. Akamwandikia Azzan.

— Nimeliwa tena. Na mke nshamrudisha kwao.

— Mke kaingiaje hapa?

Haitham akamweleza: simu, mguu, nyota. Maandishi kutoka Denmark yakaanza kutiririka.

— Bwana wee, mie sina mke wala mchumba, na mwezi huu nimeliwa kuliko wewe. Nuksi yangu kanitia nani? Ree mbili zikikutana na saba mbili, katika mara tano moja utaliwa. Ukicheza kila siku hiyo moja itakuja tu, na pengine zitakuja tatu zimefuatana. Hayo si ndo unayofundisha wewe?

Ndiyo aliyokuwa akifundisha. Tena wiki ile ile alikuwa na kidato cha nne, somo la uwezekano, na mfuko wa vifuniko vya soda, vyekundu na vyeusi. Wanafunzi wakitoa kifuniko, wakitazama, wakikirudisha. Msichana mmoja akatoa vyeusi vitatu mfululizo, wenziwe wakamcheka kwamba ana mkono mbaya, atolewe, ashike mwingine. Haitham akawanyamazisha.

— Mfuko haumjui aliyetia mkono. Mkimtoa yeye, vifuniko ni vile vile.

Akajisikia mwenyewe alichokisema. Darasa lilikuwa likimwangalia, likisubiri aendelee, na yeye akahisi kama watoto wote wale wanajua. Akawaambia wafanye maswali ya kitabuni, akakaa.

Kafe hakwenda tena tangu siku ile. Lakini kumpigia mkewe? Hilo hakuliweza. Kila akishika simu aliona haya zimempanda mpaka masikioni. Atamwambia nini? Kwamba alimtoa nyumbani kwa ajili ya saba ya uru? Akaona bora anyamaze, pengine aibu itapoa yenyewe. Haikupoa. Bi Mwatima alikuwa ameshawaeleza jirani zake wawili watatu kwa nini mkwe hayupo, na jirani nao wana ndugu, na ndugu nao wana shughuli za kwenda.

Khairat ndiye aliyepiga. Ilikuwa alasiri.

— Nakupigia, hata kama saa hizi hutaki kupigiwa.

— Sema, Khairat.

— Posa ya Sichana inavunjwa. Watu wa mchumba wake wamesikia dada mtu karudishwa kwa nuksi, wakaona na mdogo atakuwa vile vile. Na harusi ilikuwa mfunguo mosi, Ramadhani ikisha. Mdogo wangu hali chakula, hatoki chumbani.

— Wallahi, Khairat, mie sikujua kwamba...

— Sikukupigia unirudie. Talaka yangu baba ataidai mwenyewe. Lakini neno hilo la nuksi limetoka nyumbani kwako. Mzee Borafya, baba wa kijana, anakuja Jumapili na watu wake kutuambia rasmi. Njoo ulitoe mbele yao kama mlivyolitia.

Akakata. Haitham akabaki na simu sikioni. Mke anamkosa, hilo alishaanza kulizoea kama mtu anavyozoea jino bovu. Lakini Sichana? Msichana yule alimtilia udi siku ya harusi yake, akimwita shemegi kwa furaha, na sasa amejifungia chumbani kwa neno lililomtoka yeye.

Akashuka chini akamweleza mama yake kila kitu. Bi Mwatima alisikiliza ameshika kifua.

— Kamari?

— Naam, mama.

— Na zile kanga ulizoniletea? Na ile halua ya Idi?

— Naam. Zilitoka huko.

Bi Mwatima alikuwa kajitanda kanga moja katika hizo. Akaivua mabegani taratibu, akaikunja, akaiweka pembeni kama kitu cha mtu mwingine. Akalia kidogo. Alipokwisha kulia akarudi kuwa mama. Akamwambia sawa, aende Uroa, lakini kamari asiitaje katu. Aseme mwalim katazama upya, kakuta ugomvi wa nyota ni wao wawili tu, haumgusi mdogo mtu wala nyumba yao. Sichana ataolewa, Khairat atapewa talaka yake kwa wema, na siri itabaki ndani.

— Wewe mwalimu wa watoto wa watu, Haitham. Ukiyasema hayo kadamnasi, uso wangu nitauweka wapi?

Na Haitham akakubali. Ndiyo, alikubali. Njia nzima ya Uroa alikuwa akiyapanga maneno ya nyota kichwani kama mtoto anayekwenda kusoma risala.

Wanaume walikaa ukumbini kwa Mzee Pandu juu ya mikeka, wanawake nyuma ya pazia. Mzee Pandu hakumtazama mkwewe. Mzee Borafya, mtu mnene wa sauti ndogo, alianza kwa kumsifu Sichana adabu yake, akasema hawana ugomvi na mtu, ila mzazi lazima aulize. Haitham akakohoa, akaingia na hadithi yake. Nyota zimetazamwa upya, akasema. Imeonekana jambo lile ni la watu wawili tu.

— Nyota nimesikia, mwalimu. Nauliza hiyo nuksi. Mliiona katika nini?

— Mambo yangu yalikuwa hayendi.

— Mambo gani? Uliumwa? Ulifukuzwa kazi?

Lilikuwa swali lile lile la Khairat. Nyuma ya pazia ikasikika bangili ikigonga bangili. Haitham akajua Khairat yuko pale, na anasubiri kama alivyosubiri siku ile ukumbini kwao. Akatamani ardhi ipasuke. Haikupasuka.

— Katika karata, akasema.

— Karata za nini?

— Za kamari. Nilikuwa nikicheza kamari kwenye kompyuta, huku nikimwambia mke wangu nafundisha. Nikiliwa, namsingizia yeye.

Mzee Pandu akainua kichwa kwa mara ya kwanza. Mzee Borafya akamtazama Haitham kwa muda mrefu, kama anayetaka kuhakikisha kasikia sawa.

— Huyu msichana alikuwapo ukicheza?

— Hapana.

— Ndiye aliyekuwa akikugawia karata?

— Hapana. Kompyuta ndo iliyokuwa ikigawa.

— Na hiyo kompyuta, nyota yake mliitazama?

Mtu mmoja pembeni akacheka, akajitia kukohoa. Mwengine akatoa astaghfirullah kwa sauti nzima. Haitham alikaa pale na uso wake, bila pa kuupeleka. Mzee Borafya akainuka, akampa mkono Mzee Pandu akamwambia harusi ni mfunguo mosi kama walivyoagana, na kwamba wao ndio wa kuomba radhi kwa kusikiliza maneno ya njiani. Nyuma ya pazia mtu akapiga kigelegele kifupi, akakikatisha. Wageni wakampa mkono kila mtu. Haitham hawakumpa.

Alimkuta Khairat nyuma ya nyumba, kwenye kamba za mwani, akiugeuza ukauke. Hakuacha kazi yake.

— Nimesema, Khairat.

— Nimesikia. Umewaambia wao. Mie hujaniambia.

Akamwambia. Zamu hii hakuficha hata kidogo: Azzan, kafe, tuisheni ya uongo, simu ya pweza, na saba ya uru. Alimwambia pia la Denmark na la vifuniko vya soda, kwamba alishajua muda wote ule na bado akanyamaza, kwa haya tu. Khairat akaendelea kugeuza mwani mpaka akamaliza kamba nzima.

— Na siku ulizoshinda?

— Siku gani?

— Ulishinda siku nyingine, si ndo? Ile siku ulokuja unacheka, ukaninunulia mafuta ya asmini, ukasema wamekulipa tuisheni. Siku ile nlikupigia mara mbili, nakuuliza mkate wa kumimina ama chapati. Hukunigombeza. Kila siku nlikuwa nkikupigia, Haitham, unaposhinda na unapoliwa. Sasa ile bahati ya siku ile, ulisema kakupa nani?

Haitham aliikumbuka siku ile vizuri. Alikumbuka hata njia aliyopita kurudi nyumbani.

— Nlisema ni akili yangu.

Khairat akatikisa kichwa. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa na chumvi.

— Kwa hiyo ukipata ni wewe, ukikosa ni mie.

— Ndivyo nlivyofanya. Nisamehe. Sina hata cha kujitetea.

Alikaa kitako pale mchangani na shati lake la kualikwa, akalia bila kujificha, na wanawake wanaopita na mafungu ya mwani wakamwona. Khairat alimwacha alie. Alipotulia ndipo akasema naye, na sauti yake ilikuwa imepungua makali.

— Talaka sitaki. Lakini kule kwenu sirudi kimya kimya kama nlivyotoka. Mama yako aje anichukue mwenyewe, mchana, watu wakiona.

— Na asipokuja?

— Sichana anaolewa, chumba kinabaki. Utakuja kukaa wewe.

Bi Mwatima alikataa. Habari za Uroa zilikuwa zimeshamtangulia mwanawe mjini, na hata mtoto hamtumi tena dukani kwa haya. Alisema hawezi kwenda kusimama mbele ya watu wale baada ya aibu na izara ile, pengine baadaye, pengine Mungu akipenda. Haitham hakumlaumu. Akapanda juu, akatia nguo zake na vitabu vya skuli ndani ya begi, akateremka nalo.

— Unakwenda wapi na begi hilo?

— Kwa mke wangu, Uroa.

— Mtoto wa mjini, ukakae kwa wakwe? Skuli asubuhi utafikaje? Watu watakucheka, Haitham.

— Najua, mama. Wacha wanicheke mie. Yeye washamcheka vya kutosha.

Bi Mwatima akatazama pembeni. Hakumzuia.

Uroa alifika jua bado kali. Vijana waliokaa barazani mbele ya nyumba ya Mzee Pandu, wakipaka rangi viti vya harusi, walimtambua toka mbali, wakaanza kugongana viwiko. Mmoja wao akamtolea salamu kwa heshima zote, halafu akamuuliza, sauti ikisikika mpaka ndani:

— Samahani, mwalimu. Ndo wewe uloliwa na kompyuta, ukamfukuza mke?

Dirishani pazia likatikisika. Khairat alikuwa nyuma yake, na Haitham alimwona. Angeweza kupita tu, angeweza kujitia hakusikia, kazi aliyoizoea. Akalitua begi chini.

— Ndo mie, akasema. Salaam aleikum.

Vijana wakaitikia salamu, wakarudi kwenye rangi zao. Na mlango wa Mzee Pandu ukafunguliwa kwa ndani, Khairat akatoka mpaka barazani mbele ya wote wale, akalishika begi upande mmoja, Haitham akalishika mwingine, wakaingia.